Jina la Kijapani kwa Mchezo wa Dufu

Rumonge mjini, katika mtaa wa Waswahili, mtu akitaka bibi harusi apambwe mikono na miguu mpaka wageni wasahau kula, anamwita Kaoutar binti Abdulhamid. Siku hizi hata Wakristo waliovuka kutoka Kongo wanamwita, ingawa mama zao hawakuwa na habari na hina. Ni mwanamke mrefu, ana miaka thelathini na kitu, na akicheka mabega yake hutangulia kabla sauti haijatoka. Mumewe, Hakimu, huendesha lori la mawese kati ya Kizuka na Bujumbura, kwa hiyo siku nyingi nyumbani hubaki yeye, watoto, na baba yake mzee, ambaye hutengeneza madufu uani na kuyapiga na wenzake kwenye harusi na maulidi.

Msimu wa harusi ukipita, Kaoutar huandika vibao vya maduka. Saluni zote za barabara ya soko ni mkono wake. Kibao cha Cubaka pia alikiandika yeye: simu iliyofungwa bandeji kichwani, na chini yake maneno DAKTARI WA TELEFONE. Huyo Cubaka alizaliwa Kivu ya Kusini, akaja Burundi na mama yake angali mdogo, na sasa anatengeneza simu katika kibanda kilicho ubavuni mwa soko. Ni kijana mwembamba, Mkristo wa kanisa lenye nyimbo nyingi, naye humwita Kaoutar "yaya," kama watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa.

Alasiri moja Cubaka alifika kwa Kaoutar amekumbatia kompyuta yake kuukuu, ameifunga kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Amahoro, yaya. Uko na nafasi kidogo?"

"Amahoro. Nafasi iko. Kaa, lakini usinikanyagie hina."

Cubaka akaketi, akafungua kompyuta, na kwanza ikasikika sauti. Kaoutar aliijua kabla hajaona kitu chochote. Lilikuwa dufu la baba yake, lile kubwa lenye mlio wa tumboni, na wanawake wakiitikia nyuma. Cubaka alikuwa amelirekodi kwenye harusi moja kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, na tangu hapo, kila akimaliza simu za watu, alikuwa akiunda mchezo. Maua ya rangi ya waridi hafifu yalikuwa yanateremka kutoka juu ya kioo. Ua likigusa mstari wa chini, unabonyeza kwa kidole. Ukibonyeza sawasawa na pigo, dufu linalia vizuri na wanawake wanaitikia. Ukikosea, dufu linatoa mlio wa kindoo kilichopasuka.

Kaoutar akajaribu. Alipata mapigo kadhaa, akakosa mengi, kile kindoo kikalia, akacheka mpaka watoto wakaja kuona.

"Ni mzuri," akasema. "Sasa maua haya ni ya nini? Kwenye harusi ya kwetu nani anamwaga maua kama haya?"

Hapo Cubaka akaeleza shida iliyomleta. Tangu utoto michezo ya muziki aliyoipenda ilikuwa ya Japani. Aliicheza kwenye simu za binamu zake mpaka wamnyang'anye. Sasa aliona kwenye mtandao kwamba kuna konkuri, yaani mashindano, huko Japani ya michezo midogo ya muziki kutoka nchi yoyote. Masharti ni mawili tu: mchezo uwe na jina la Kijapani, na picha yake ya utambulisho iwe imetengenezwa na wenye mchezo wenyewe. Yeye aliupa jina Sakura, yaani ua la mti fulani wa huko, akachukua picha ya maua kwenye mtandao, akapeleka. Wakamjibu kwa upole. Jina hilo wanalo watu wengi mno, na picha ile ina mwenyewe. Ila wameupenda mlio, na kama ataleta jina lingine na picha yake kabla mwezi haujaisha, wataupokea.

"Kuhusu dufu walisema nini?"

"Walisema hawajasikia kitu kama hicho. Waliuliza linaitwaje."

Kaoutar akatazama uani ambako baba yake alikuwa akichonga. "Basi tutawatafutia jina," akasema.

Wiki iliyofuata ikawa ya majina. Cubaka aliyatoa kwenye simu, akaja kuyajaribu kwa Kaoutar kama mtu anayejaribu viatu. Akaleta Hana, ambalo ni ua kwa Kijapani. Kaoutar akauliza, "Hana nini?" Jirani aliyekuwa akipita akauliza hilohilo bila kuambiwa na mtu, na jina likafa papo hapo. Akaleta la pweza, likawa kwa Kiswahili ni kiungo ambacho mtu hukalia. Siku nyingine akakaa karibu kabisa, akanong'ona neno la Kijapani la dubu, ambalo kwa Kiswahili halitamkwi mbele ya wazee. Kaoutar akaangalia mlango wa baba yake.

"Usilirudie hilo."

"Ninajua, yaya. Ndiyo maana nimelisema polepole."

Picha nazo zilikataa. Kaoutar alichora jua jekundu, akachora nyumba ya mapaa yaliyopinda, akachora msichana mwenye macho makubwa na nywele za buluu kama Cubaka alivyomwagiza. Kila moja ilikuwa nzuri, na kila moja aliigeuza kifudifudi. Mkono wake uliujua mchoro unaotoka kwake na unaotoka kwa watu, na hii yote ilikuwa ya watu.

Ndipo ikafika harusi ya Tahira. Mama yake Tahira, Jamila, ana nyumba kubwa karibu na ufukwe, na chumba kimoja alikuwa amempangisha mgeni wa Kijapani aitwaye Fumiyo, mtaalamu wa samaki, aliyekuja kuchunguza samaki wadogo wanaoishi katikati ya mawe ya ziwa letu. Kiswahili alikuwa amejifunza Kigoma miaka ya nyuma, na alikisema taratibu, kwa adabu, kila neno limekaa mahali pake. Siku ya hina Jamila alimvuta kwa mkono mpaka kwenye mkeka.

"Leo hakuna mwanamke atalala nyumba hii bila hina," akasema. "Hata mwenye samaki."

Kwa hiyo Kaoutar alipomaliza miguu ya Tahira akaichukua mikono ya Fumiyo. Alimchorea samaki wadogo wanaofuatana kutoka kidole hadi kifundo, na Fumiyo akavitazama viganja vyake bila kupepesa. Kisha akaambiwa aviweke juu ya magoti, viangalie juu, asiguse kitu mpaka vikauke.

"Sasa huwezi kukimbia, Madamu Fumiyo," Kaoutar akasema. "Nikuombe kitu."

Akamweleza habari yote, ya mchezo, ya konkuri, na ya majina yaliyokufa. Alipofika kwenye pweza na dubu alishusha sauti, lakini wanawake wote walikwisha kusogea. Fumiyo alisikiliza bila kucheka, halafu akasema kwa ule utaratibu wake:

"Mwaka wangu wa kwanza Kigoma, niliwasimulia watoto wa shule hadithi ya kwetu. Ilikuwa hadithi ya dubu. Nilitaka wajifunze neno la Kijapani, kwa hiyo niliwaomba walirudie kwa nguvu, wote pamoja. Mwalimu alitoka nje."

Ilichukua muda mfupi neno lile kuwafikia wote. Kisha Jamila akaanguka ubavu kwenye mto, na Tahira, aliyekuwa amekatazwa kutikisika, akalia machozi huku ameinua miguu hewani ili hina isiharibike. Ilibidi Kaoutar arekebishe kisigino kimoja.

Walipotulia, Fumiyo akauliza, "Huo mchezo, dada, ukifumba macho ukausikiliza tu, unaona nini?"

Kaoutar hakuwa ameulizwa hivyo na mtu. Akafikiri. "Naona ziwa adhuhuri, upepo unapoanza. Mawimbi yanakuja ufukweni. Moja linapiga, la pili linachelewa kidogo, halafu mawili yanapiga pamoja. Baba anapiga hivyo."

"Basi ni wimbi," Fumiyo akasema. "Kwetu wimbi linaitwa nami."

Tahira ndiye aliyelidaka, miguu bado iko juu. "Nami? Kama kusema, cheza nami?"

"Imba nami," Jamila akasema.

"Kaa nami, nipikie wali," akasema mwingine huko nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Fumiyo aliwatazama mmoja mmoja. "Maneno haya yote mawili nimeyatumia miaka mingi," akasema. "Hili la kwetu na hili la kwenu. Sikuwahi kuyaweka pamoja hata siku moja."

Kaoutar alikuwa ameshachukua kipande cha boksi la sabuni na koni yake ya hina. "Linaandikwaje?"

Fumiyo akainua mkono, na wanawake wote wakamkemea, maana hina ilikuwa mbichi. Ikabidi amwelekeze kwa mdomo. Kushoto, tone. Chini yake, tone lingine. La tatu linatoka chini kwenda juu, kama maji yaliyoruka. Kulia, mstari mrefu unaoteremka. Juu yake paa lenye ukingo uliokunjika. Nguzo fupi katikati. Chini miguu miwili inayopishana, mmoja ukienda zake mbali. Mara mbili Kaoutar alikosea mguu wa mwisho, na mara mbili Fumiyo akasema, "Bado, uache uende, usiukate." Mara ya tatu akauacha uende.

"Ndilo hilo," Fumiyo akasema. "Yale matatu ya kushoto ni maji. Upande wa kulia ni ngozi."

"Ngozi ya mtu?"

"Ya mtu, ya mnyama, ya kiatu. Ngozi tu."

Kaoutar akaiweka koni chini. Aliyewahi kuingia uani kwao anajua alichokiona wakati ule: Mzee Abdulhamid amechuchumaa, bakuli la maji pembeni, ananyunyizia ngozi ya mbuzi kwa ncha za vidole ili ilainike, kabla hajaivuta juu ya duara la mti.

"Lakini nisikudanganye," Fumiyo akaendelea. "Wataalamu wa maandishi wanasema ngozi haikuwekwa pale kwa sababu ya maana yake. Iko pale kwa ajili ya sauti tu."

"Kwa ajili ya sauti," Kaoutar akarudia. "Madamu Fumiyo, hata kwa baba yangu ngozi iko pale kwa ajili ya sauti tu." Na mabega yake yakaanza kucheka.

Kaoutar alipompelekea, Cubaka hakufurahi mara moja. Alilishika lile boksi la sabuni, akalitazama mbali, akalitazama karibu. Jina alilipenda, lile la cheza nami lilimfanya atabasamu bila kutaka. Ila picha aliiona kavu.

"Yaya, hapa Japani haionekani. Hakuna maua, hakuna upanga. Msichana wa nywele za buluu tumemuacha wapi?"

"Wao wanaye. Tukiwapelekea huyo ni kama kupakia mawese Bujumbura ukayauze Kizuka."

"Watu wanapenda rangi."

"Rangi tutaipata. Njoo kesho mchana, uje na telefone yenye kamera nzuri kuliko zote unazotengeneza."

Kabla ya hiyo kesho kulikuwa na jambo moja lililomtia Kaoutar wasiwasi, nalo ni baba yake. Mzee Abdulhamid aliruhusu arekodiwe, lakini hakuambiwa kwamba mapigo yake yatakuwa mchezo wa vidole. Dufu lake hupigwa pia kwenye maulidi, na si jambo la kuchezea. Wakati wa chakula Kaoutar akamweleza, akamweleza na habari ya konkuri.

Mzee alimaliza kutafuna. "Haya mapigo aliyoyachukua ni ya harusi?"

"Ya harusi tu, Baba. Ya maulidi hakuyagusa, na hatayagusa."

"Harusi watu wanacheza," mzee akasema. "Nipe nione."

Akaishika kwa mikono miwili simu ambayo Cubaka alikuwa ametia mchezo. Maua yalianza kushuka, naye akayakodolea macho, akawa anayapapasa yameshapita, na kindoo kikalia bila kukoma. Wajukuu wakaziba midomo. Mzee akaweka simu kwenye goti lake, akafumba macho kabisa, akaanza kugonga kwa kidole kimoja. Wanawake wa ndani ya simu wakaitikia, wakaitikia tena, wakaitikia mpaka mwisho.

"Haya maua yananichanganya," akasema, akairudisha.

Kesho yake mchana wote walikuwa uani: mzee, Kaoutar, Cubaka na simu ya mteja mmoja, na Fumiyo aliyekuja kuhakikisha mguu wa mwisho haujakatwa. Mzee alitoa dufu jipya ambalo halijapigwa, ngozi yake nyeupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Kaoutar alichora kwa hina ule upande wa kulia peke yake, ngozi juu ya ngozi, akaacha ikauke na kushika rangi. Kushoto aliacha tupu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Maji, Baba. Matone matatu. Kama unavyonyunyizia siku zote."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mara ya kwanza matone yakaja mengi, kama mvua. Mara ya pili yakaja mawili, na moja likakimbilia kwenye hina. Kila mara ilibidi kufuta, kungoja ngozi itulie, kuanza tena, na jua lilikuwa linanywa maji haraka kuliko Cubaka alivyoweza kulenga kamera. Mzee akaanza kufurahia. Akawa anazungumza na vidole vyake, anavigombeza. Fumiyo, mwanamke wa mizani na vipimo, alijikuta anashika kanga ya Kaoutar juu ya vichwa vyao ili kupunguza jua. Hatimaye matone matatu yakakaa mahali pake, mawili yametulia na la tatu limejivuta kuelekea juu, yote yakiwa na nukta ya mwanga ndani.

"Piga," Kaoutar akasema kwa sauti ndogo, na Cubaka akapiga.

Hiyo ndiyo picha. Ukiitazama unaona rangi mbili tu, kahawia ya hina na weupe wa ngozi, na maji ambayo unajua yatakauka muda si mrefu. Cubaka aliitazama kwenye kioo, akaanza kuyafuta maua ya rangi ya waridi kwenye mchezo wake, moja moja, akiyabadilisha kuwa matone. Ukigusa vizuri, tone linapasuka na kuacha duara kwenye maji, ukikosa, linakauka. Kile kindoo kilichopasuka alitaka kukiondoa, Kaoutar akakataa.

Walipeleka siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, wakangoja. Cubaka alikonda. Jibu lilipokuja, Fumiyo aliwasomea kibandani, simu za watu zikiwa zimelala wazi matumbo nje. Zawadi kubwa ilikwenda kwa watu wengine. Lakini waamuzi waliutaja mchezo wa Rumonge kwa jina na picha yake, wakauweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuuchukua, na chini yake wachezaji walikuwa wameshaanza kuandika. Mmoja alidhani waliotengeneza ni Wajapani wa kijiji fulani cha pwani, mpaka aliposikia wanawake wakiitikia. Wengi waliuliza ngozi ile ni ya nini.

"Waambie ni mbuzi wa Muhuta," akasema Mzee Abdulhamid alipopewa habari. "Wakitaka nitawaambia na rangi yake."

Cubaka bado ni daktari wa simu, ingawa sasa mchana hufunga kibanda kwa saa moja au mbili na kuandika mchezo mpya. Kaoutar anapata kazi za vibao hadi Bujumbura, na wenye kazi humwambia wanataka kitu chenye nafasi tupu kama kile cha matone. Yeye huwauliza kwanza wanauza nini. Tahira alipojifungua, Fumiyo alituma kutoka kwao kitambaa chenye mawimbi ya buluu.

Juzi, Kaoutar aliitwa Gitaza kumpamba bibi harusi. Alifika mapema, akapita kwenye meza za kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, na hapo akasikia dufu la baba yake. Mwanamke mnene, ambaye baadaye alijitambulisha kwa jina la Pascasie, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, ndagala wake wakingoja kugeuzwa.

"Mchezo gani huo, mama?" Kaoutar akamuuliza.

"Wa Japani. Ona maandishi."

"Hayo maandishi nilichora mimi. Na anayepiga ni baba yangu."

Pascasie alimkagua kuanzia viatu hadi mtandio. Hakumwita mwongo, wala hakuonyesha kuamini. Akasogea kidogo, akamvutia ndoo nyingine.

"Kama ni baba yako, kaa hapa unisaidie. Hapa matone yanapokuja mawili pamoja, nakwama kila siku."

Kaoutar akakaa, akaipokea simu. Matone yalipokuja mawili pamoja naye akakwama, kindoo kikalia juu ya meza zote za ndagala, na Pascasie akamnyang'anya simu akisema sasa ni zamu yake.